Dira Ndogo ya Mkanda wa Saa Inapofika Bujumbura

Vijana wa skauti hufundishwa ujanja mmoja wa zamani: aliyevaa saa ya mishale hahitaji dira. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, maelekezo ni haya. Shika saa ikiwa imelala, elekeza namba 12 kwenye jua, kisha igawe katikati pembe iliyo kati ya 12 na mshale mfupi. Mstari huo wa katikati ndio kaskazini. Cape Town ujanja huu unafaa. Bujumbura unaweza kukupoteza ukiwa na uhakika wote moyoni.

Tuupime kwa siku moja. Bujumbura iko takriban digrii 3 na dakika 22 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na tarehe 12 Machi, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Siku kama hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza mashariki, upande wa milima. Elekeza 12 kwake. Mshale mfupi ulio kwenye 6 unatazama magharibi, ziwani. Mstari unaokata katikati unakwenda kaskazini na kusini. Sawa kabisa. Sasa subiri hadi saa tatu. Jua limepanda nusu ya mbingu, lakini bado liko mashariki. Elekeza 12 kwake tena: mshale mfupi, ulio kwenye 9, ndio unaotazama kaskazini ya kweli, ila ujanja unakutaka ugawe katikati, na hapo katikati ni kaskazini-mashariki. Umekosea digrii 45. Ikifika saa tano kosa ni digrii 75: saa inakuonyesha karibu mashariki kamili, nawe unaiita kaskazini.

Si kosa la saa. Burundi hufuata majira ya mstari wa digrii 30 mashariki, na Bujumbura iko karibu sana na mstari huo, hivyo saa sita ya mchana hapa ni adhuhuri ya kweli, ikipishana nayo kwa robo saa hivi kulingana na mwezi. Kinachouvunja ujanja huu ni njia ya jua. Aliyeubuni aliishi mahali ambapo jua huzunguka kando ya mbingu, likihama kidogo kidogo kutoka mashariki hadi magharibi kupitia upande mmoja. Huku kwetu jua hupanda wima. Siku kama ile tuliyoipima, asubuhi yote liko mashariki, kinachobadilika ni kimo chake. Likivuka utosi, mchana wote liko magharibi. Linakuambia saa vizuri, lakini kwa ujanja huu kaskazini halikuambii.

Basi mtu atasema: Bujumbura nani anahitaji dira? Ziwa Tanganyika liko magharibi, milima iko mashariki, hata mtoto wa mtaa wa Buyenzi anajua. Ni kweli, mradi unaviona. Wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi huweza kuifuta milima ya upande wa Uvira siku nzima. Ukiwa katikati ya matete ya mlango wa Rusizi huoni zaidi ya hatua chache. Katika msitu wa Kibira, ukungu ukishuka, kila mgongo wa mlima unafanana na mwenzake. Na wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku, tena usiku usio na mbalamwezi, ambapo alama ya nchi kavu ni taa za mji pekee, na umeme una tabia zake. Hapo ndipo ile dira ndogo ya kuchomeka kwenye mkanda wa saa, isiyozidi ukubwa wa kifungo cha koti, inapopata kazi. Haina betri, haina mtandao, na huwezi kuisahau nyumbani kwa kuwa imefungwa mkononi.

Lakini kabla ya kuiamini ni vema kujua inatii nini.

Chukua sindano ya kushonea, beseni la plastiki lenye maji, kipande chembamba cha kizibo, na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Sugua sindano kwa sumaku mara thelathini hivi, daima kuelekea upande mmoja, bila kurudi. Ilaze juu ya kizibo, kizibo kielee katikati ya beseni. Sindano itageuka polepole, itayumba, kisha itatulia ikilala kaskazini-kusini. Iguse, izungushe, itarudi palepale.

Wengi huishia hapo wakashangilia. Hebu endelea kutazama, maana jambo kubwa ni lile ambalo halitokei. Kizibo hakisafiri. Hakiendi kugonga ukingo wa kaskazini wa beseni. Kama kungekuwa na kitu huko kaskazini kinachoivuta sindano, kizibo kingeelea kuelekea huko. Kinageuka tu. Maana yake ni kwamba ncha moja inasukumwa kaskazini na ncha nyingine inasukumwa kusini kwa nguvu ileile, na nguvu mbili zilizo sawa, zinazopingana, haziwezi kukihamisha kitu. Zinaweza kukizungusha tu, hadi kilale sambamba nazo. Hali hiyo iliyotanda kila mahali, ndani ya beseni, chumbani, juu ya ziwa, yenye nguvu na mwelekeo, wanafizikia huiita uga wa sumaku.

Uga wa Dunia unatoka ndani sana. Kiasi cha kilometa 2,900 chini ya miguu yetu huanza tabaka la chuma na nikeli vilivyoyeyuka. Chuma chenye joto namna hiyo hakiwezi kuwa sumaku ya kawaida, kwa sababu kikizidi nyuzi joto 770 hupoteza usumaku wake. Ila chuma kinachotiririka hupitisha umeme, na mizunguko ya umeme huzaa uga. Ni mashine isiyotulia, ndiyo maana ncha ya sumaku ya kaskazini, ambayo James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kaskazini mwa Kanada, leo imehama kuelekea Siberia.

Kwa mkazi wa Bujumbura kuhama huko hakuleti shida kubwa. Tofauti kati ya kaskazini ya sindano na kaskazini ya ramani ni ndogo hapa, haizidi digrii chache. Cape Town sindano hukosea kwa takriban digrii 25 kuelekea magharibi, na mtu asiyejua hesabu hiyo atajuta. Sisi tunaweza kuisahau, hasa kwa dira ndogo ambayo yenyewe haisomeki kwa usahihi wa kushinda digrii 5.

Kuna pembe nyingine, hata hivyo, ambayo hatuwezi kuisahau, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Katika karne ya 16 aliishi London fundi wa dira aliyeitwa Robert Norman. Alikuwa akiisawazisha sindano barabara juu ya kigingi chake, kisha akiitia sumaku, na kila mara alikuta ncha ya kaskazini imeinama. Alizoea kubandika nta kidogo kwenye ncha ya kusini ili isawazike, akaendelea na biashara. Siku moja alijaribu kuisawazisha sindano nzuri kwa kuipunguza ncha, akaikata mno, ikaharibika. Kwa hasira akaamua kuchunguza. Alitengeneza sindano inayozunguka wima, kama gurudumu la baiskeli, akaiacha iamue yenyewe. Haikulala. Ilielekea chini ardhini kwa digrii 71 na dakika 50. Alichapisha matokeo yake mwaka 1581.

Kumbe uga wa Dunia haulali sambamba na ardhi. Kaskazini ya mbali unazama ardhini. Kusini ya mbali unachomoza kutoka ardhini. Na kuna mstari unaoizunguka Dunia ambako umelala kabisa, uitwao ikweta ya sumaku. Hapa ndipo msomaji wa Bujumbura anapojidanganya. Atasema: mimi niko digrii 3 tu kutoka ikweta, kwa hiyo uga wangu umelala, dira yoyote itanifaa. Hapana. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Juu ya Afrika imesogea kaskazini, inapita huko Ethiopia. Kwa sindano ya dira, Nairobi, Kampala na Bujumbura zote ni miji ya kusini. Bujumbura uga unachomoza kutoka ardhini kwa mwinamo wa karibu digrii 30.

Tuliweke hili katika tarakimu. Nguvu ya uga hupimwa kwa mikrotesla. Tuugawe uga katika sehemu mbili: sehemu ya mlalo, inayoigeuza sindano kaskazini, na sehemu ya wima, inayoiinamisha. Brussels, ambako Warundi wengi wana ndugu, sehemu ya mlalo ni kama 20 na ya wima ni kama 45 kuelekea chini. Bujumbura sehemu ya mlalo ni kama 28, na ya wima ni kama 16 kuelekea juu.

Tuanze na habari njema: sehemu inayofanya kazi tunayoitaka ina nguvu zaidi hapa. Sindano ileile itageuka kwa haraka zaidi na kusumbuliwa kidogo zaidi na msuguano wa kigingi chake. Habari mbaya inahusu ile nta ya Norman. Kiwanda kinachotengeneza dira kwa ajili ya Ulaya huongeza uzito kwenye ncha ya kusini ili kupambana na ile 45 inayoivuta ncha ya kaskazini chini. Ilete dira hiyo Bujumbura. Ile 45 haipo tena, lakini uzito upo palepale. Zaidi ya hayo, ile 16 inaiinua ncha ya kaskazini juu. Mambo mawili yanayosukuma upande mmoja: 45 na 16 ni 61. Ncha ya kusini inazama hadi inagusa sakafu ya kifuniko, inakwaruza, inakwama. Dira kubwa ya kushika mkononi huwa na nafasi ndani, sindano yaweza kuinama bila kugusa. Dira ya mkanda wa saa ni nyembamba kama biskuti, nafasi hiyo haina.

Ndiyo sababu baadhi ya viwanda huuza dira ndogo hizi kwa matoleo mawili, moja la kaskazini na jingine la kusini mwa Dunia. Suunto ya Finland hufanya hivyo kwa ile iitwayo Clipper. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1936 na mhandisi Tuomas Vohlonen, aliyechoshwa na sindano zinazotetemeka bila kutulia. Alipata njia ya kutengeneza kwa wingi dira iliyojazwa kimiminika, ambamo sindano hutulia mapema. Karibu dira zote za kuvaa leo ni wazao wa wazo hilo. Kwa hiyo zawadi ya shemeji aliyetoka Ubelgiji ipokee kwa shukrani, lakini itazame. Kama sindano inakwama, iinamishe dira yenyewe, upande wa kusini ushuke kidogo, hadi sindano iachie. Utapata jibu, ingawa si raha kufanya hivyo unapotembea kwenye tope.

Adui wa pili yuko karibu zaidi: ni saa yenyewe.

Ndani ya saa ya betri mna mota ndogo, na ndani ya mota hiyo mna sumaku ya kudumu inayopiga hatua moja kila sekunde. Mna koili pia. Mgongo wa saa ya bei ndogo huenda ukawa chuma kinachoshika sumaku, na kifungo cha mkanda vilevile. Nawe umeifunga dira sentimita mbili kutoka hapo. Tuseme saa inatia mikrotesla 5 kwa upande, kukata mwelekeo wa sindano. Kaskazini ya Dunia inavuta kwa 28. Sindano itafuata jumla ya hizo mbili, na jumla hiyo imepinda digrii 10. Brussels, penye 20 tu, ingepinda digrii 14. Hata hapa uga wetu unatusaidia, lakini digrii 10 ni nyingi: ukitembea kilometa moja umetoka nje ya njia kwa zaidi ya mita 170.

Ungependa kusema: basi nitatoa 10 kila mara. Huwezi. Saa inageuka pamoja nawe. Ukitazama upande mmoja, sumaku ya saa inakata sindano kwa ubavu na kuipinda kulia. Ukigeuka nyuma inaipinda kushoto. Kati ya hapo kuna pande mbili ambako inavuta kwenye mstari wa sindano na haiipindi kabisa. Kosa linaongezeka, linapungua, linageuka ishara, kutegemea unaelekea wapi. Kosa la namna hii ni baya kuliko kosa kubwa lisilobadilika.

Dawa ni umbali, na umbali una nguvu ajabu. Uga wa sumaku ndogo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiuongeza umbali mara mbili, uga unabaki sehemu moja ya nane. Ile mikrotesla 5 kwa sentimita mbili inakuwa pungufu ya 1 kwa sentimita nne, na kosa la digrii 10 linashuka hadi moja na ushei. Kwa hiyo usiibane dira ubavuni mwa saa ati inapendeza. Isogeze chini ya mkanda, kando ya kifundo, au ivae kwenye mkono mwingine kabisa. Mkanda uwe wa nailoni, mpira au ngozi. Wa chuma haufai.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta meza ya mbao isiyo na miguu ya chuma, nje, mbali na mabati, magari na kuta zenye nondo. Weka dira peke yake, ikitulia chora mstari wa kaskazini kwa chaki. Kisha ichomeke kwenye mkanda wa saa, irudishe palepale, uizungushe saa itazame pande zote nne. Kila mara linganisha sindano na chaki. Isipoachana na mstari kwa zaidi ya digrii 5, umepata mahali pake. Simu iwe imebaki ndani ya nyumba. Spika yake ina sumaku kali kuliko ya saa ya kawaida, na ukiilaza simu juu ya dira usiku kucha, unaweza kuamka sindano imegeuzwa, kaskazini imekuwa kusini. Nasisitiza hili kwa sababu sindano fupi hugeuzwa kirahisi, na anayeivaa hatajua hadi atakapokuta ziwa liko mashariki.

Pikipiki nayo ni chuma kitupu: shuka, jitenge hatua kadhaa, ndipo usome. Ukivuka kwenda Goma, kumbuka kwamba mawe ya volkano yana madini yenye usumaku. Soma dira mahali zaidi ya pamoja kabla ya kuamua.

Namna ya kuitumia haihitaji maelezo marefu. Usiingie msituni kwanza ndipo utazame mkono. Tazama kabla, ungali unaona barabara: barabara iko upande gani, wewe unaelekea upande gani. Ukitoka barabara ya Kibira ukaelekea mashariki, kurudi ni magharibi, na barabara ni ndefu, huwezi kuikosa hata ukipotoka digrii 10. Dira ndogo inafaa kwa shabaha ndefu kama barabara, mto, ufuko. Haifai kukupeleka kwenye hema moja katikati ya msitu. Mkono uulaze mbele ya kifua, sindano ielee, uhesabu hadi tano. Na katika matete ya Rusizi tazama mbele kwanza, mkono baadaye, kwani hakuna dira inayoonyesha kiboko.

Kuna maswali mengine ambayo dira haiyajibu pia. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa ili kujua kama Rusizi ni mto unaotoka ziwani, na kwa hiyo labda chanzo cha Nile, au unaoingia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechongwa tarehe 25 ya mwezi ule. Vyombo vya kupimia walikuwa navyo. Jibu walilipata kwa kuyatazama maji yakiingia ziwani, jambo ambalo wakazi wa ufuko huo walikuwa wakilijua siku zote.

Swali moja ambalo dira hii inalijibu vizuri sana Bujumbura ni la kibla. Aliyekulia Dar es Salaam au Zanzibar amezoea kusali akielekea karibu kaskazini kamili, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu ya miji hiyo kwenye ramani. Akihamia Buyenzi asiendelee na mazoea. Bujumbura iko zaidi ya digrii 10 magharibi ya Makka, na hesabu ya mzingo wa Dunia inatoa kibla cha takriban digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kwa sindano isiyokwama, iliyo mbali na saa, hiyo ni pembe inayosomeka bila taabu.

Ukienda kununua, usiulize kwanza kama haipitishi maji. Ilaze dira mezani, izungushe taratibu duara zima, na utazame ncha ya kusini kwa jicho la pembeni, usawa wa meza. Ikielea huru pande zote, lipa. Ikigusa chini, mrudishie muuzaji, hata akikuapia kwamba imetoka Ulaya. Hasa akikuapia hivyo.